Binti yangu anafuatilia siasa na uchumi wa dunia chuoni. Itatufaa nini sisi Pemba?

Swali: Assalaamu alaykum mwalimu. Mimi ni mzazi wa Wete, nina duka la chakula: mchele, unga, sukari, mafuta. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu, Unguja. Yeye na wenzake wameanzisha kikundi cha kufuatilia siasa na uchumi wa dunia, na mhadhiri wao anataka kiwe mradi rasmi wa chuo. Likizo nzima alikuwa akisoma khabari za vita, chaguzi za nchi za mbali na bei za mafuta. Nikimuuliza faida yake ananiambia vyuo vikubwa duniani vinafanya hivyo. Mimi naona hayo ni mambo ya serikali na ya wakubwa. Je, kazi hii ina maana? Na kama inayo, itatufaa nini sisi wa Pemba?

Jibu: Wa alaykumu salaam dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwani hilo swali lako la mwisho hata sisi tunaofundisha uchumi hatujalijibu vizuri.

Kazi ya binti yako ina maana, na nakuomba usimkatishe tamaa. Ila kusoma khabari kutwa hakutoshi kuitwa kufuatilia. Mzee wa barazani mwenye redio yake anasikiliza khabari za dunia tangu alfajiri, na wengine wanazielewa kuliko sisi wenye shahada. Anachokikosa ni daftari. Kufuatilia, kwa maana ya chuo kikuu, ni kuuliza swali lilelile kwa kanuni ileile wiki baada ya wiki, na kuliandika jibu mahali ambapo mwengine atakuja kulikuta na kulikagua.

Tuanzie dukani kwako. Tarehe 20 Julai 2023 serikali ya India ilipiga marufuku kupeleka nje mchele mweupe usiokuwa basmati. India peke yake ilikuwa ikiuza karibu asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka duniani. Sababu zao zilikuwa za nyumbani kwao: chakula kilikuwa kinapanda bei na uchaguzi mkuu wa 2024 unakaribia. Waliokuwa wakinunua India wakakimbilia Thailand na Vietnam, na huko nako bei ikaruka. Mwezi wa Agosti kipimo cha bei ya mchele cha FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kilifika juu kuliko wakati wowote katika miaka 15. Kwa hiyo hata kama polo la mchele ulilokuwa nalo dukani halikuwahi kuiona India, bei yake ilikuwa imeguswa. Marufuku yenyewe haikuondolewa mpaka Septemba 2024.

Nani angeweza kukwambia mapema? Tarehe yenyewe hakuna aliyeijua nje ya ofisi chache za Delhi. Lakini Septemba 2022, miezi kumi kabla, India hiyohiyo ilikwisha kuzuia chenga za mchele zisitoke na kuweka ushuru wa asilimia 20 juu ya baadhi ya aina nyengine. Mlango ulikuwa umeshaanza kurudishwa. Mtu aliyekuwa akiandika kila hatua ya aina hiyo angekuwa na sababu ya kumwambia mwenye duka wa Wete: mwaka huu usikae na akiba ndogo ya mchele.

Watu wa kuandika hatua hizo wapo. Mwaka 2009, dunia ilipokuwa bado inaugulia msukosuko wa mabenki, mchumi Simon Evenett wa Chuo Kikuu cha St. Gallen, Uswisi, alianzisha mradi uitwao Global Trade Alert. Kazi yake ni moja tu: kila serikali inapofunga au kufungua mlango wa biashara, iwe kwa ushuru, marufuku au ruzuku, inaandikwa, na tarehe yake, na nani ataumia. Ukiiangalia kwa siku moja inachosha. Ukiiangalia kwa miaka kumi unaiona tabia ya serikali, ipi hukimbilia kufunga chakula chake na wakati gani. Hiyo ndiyo aina ya elimu ninayoitaka kwa binti yako.

Na umwambie kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza wameshafanya kazi kama hii kwa heshima kubwa. Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kina kikundi kinachofuatilia mikutano ya mataifa makubwa ya kiuchumi tangu 1987. Viongozi wanapokutana hutoa ahadi nyingi, na dunia husahau. Wale wanafunzi hawasahau. Huchagua ahadi, huipa kila nchi alama: moja ikiwa imetekeleza, sifuri ikiwa imefanya nusunusu, hasi moja ikiwa imeshindwa au imefanya kinyume, kisha hutoa ripoti kabla ya mkutano unaofuata. Na wakati wa korona, mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Oxford kiliandika siku kwa siku ni nchi gani imefunga skuli, imezuia safari, imetoa msaada kwa wananchi. Nchi zaidi ya 180, na sehemu kubwa ya waandishi walikuwa wanafunzi na wengine waliojitolea. Kila hatua ilipewa daraja, na madaraja yale yakajumlishwa kuwa kipimo cha sifuri hadi 100.

Hapa kwenye kanuni nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo vikundi vya wanafunzi vinapofia. Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kinahesabu vita vya dunia nzima. Kanuni yao ni kwamba mapigano ya silaha ambayo upande mmoja ni serikali yanaingia kwenye orodha yakiua watu wasiopungua 25 kwa mwaka, na yakifika 1,000 yanaitwa vita. Mara ya kwanza nilipoisoma kanuni hii iliniuma. Wakifa 24 hawahesabiwi? Roho zao si roho? Nilichelewa kuelewa kwamba idadi ile haikuwekwa kupima thamani ya roho. Imewekwa ili mtu anayehesabu mwaka huu asitumie jicho tofauti na aliyehesabu miaka 30 iliyopita. Bila ya kanuni, mwaka ambao magazeti yamepiga kelele ungeonekana wa damu, na mwaka ambao magazeti yamelala ungeonekana wa amani. Binti yako na wenzake waulize: kanuni yenu iko wapi, imeandikwa kabla ya kuanza au mnaitunga kila mnapokutana?

Pana pia mradi wa Gothenburg, Sweden hiyohiyo, uitwao V-Dem, unaopima hali ya demokrasia. Wao hawahesabu vitu. Huwauliza wataalamu wa kila nchi, na hutafuta wasiopungua watano kwa kila swali, ili chuki au mapenzi ya mmoja yasiamue jibu. Zanzibar imo kwenye takwimu zao ikiwa imesimama peke yake, kando na Tanzania. Kwa hiyo wapo watu Sweden wanaotufuatilia sisi, mwaka kwa mwaka, na mwanafunzi wa Unguja anaweza kuzichukua takwimu hizo bila ya malipo na kuuliza kama wameandika sawa. Kwangu mimi hiyo peke yake ingetosha kuwa kazi ya muhula mzima.

Sasa Pemba. Nikwambie kwa nini naliona jambo hili kwa uchungu.

Mwaka 1872 kimbunga kiliivunja mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba. Kwa miongo mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu alikuwa Indonesia, na wala hakuzitaka kwa pilau. Alizitia kwenye sigara zao za kreteki, ambazo tumbaku yake huchanganywa na karafuu. Katika miaka ya 1970 Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi. Ilipofika miaka ya 1980 ikawa inajitosheleza, na bei ya karafuu duniani ikaanguka vibaya. Wazee wa Pemba waliouona mwaka mzuri na mwaka mbaya wanakumbuka mashamba yaliyoachwa yakaota magugu kwa sababu malipo ya wachumaji yalizidi mapato.

Mkarafuu haufichiki, dada yangu. Unapopandwa leo, hauanzi kuzaa vizuri mpaka ipite miaka sita hadi minane. Maana yake, kutoka siku Indonesia ilipotia miche ardhini mpaka siku ilipoacha kuhitaji karafuu zetu, palikuwa na miaka ya kutosha kwa mtu yeyote mwenye daftari kusema: mnunuzi wetu anajigeuza kuwa mshindani wetu. Ripoti za kilimo za Indonesia zilikuwa zikichapishwa na takwimu za uagizaji wao zilikuwapo. Kwa mkulima wa Micheweni hayakufika yoyote kati ya hayo, mpaka bei ilipomfikia.

Leo bado Indonesia ndiyo nchi inayolima karafuu nyingi kuliko zote na inayotumia nyingi kuliko zote. Mwaka 2023 na tena 2024 serikali yao ilipandisha ushuru wa sigara kwa wastani wa asilimia 10. Hilo ni jambo la siasa za Jakarta, la afya za watu wao na bajeti yao, lakini kreteki zikipungua kuvutwa, karafuu nyingi zaidi zinatafuta soko, na hapo wanunuzi wetu wengine, India kwa mfano, wanakuwa na pa kuchagua. Mtu anayetaka kupanda mikarafuu mipya Pemba mwaka huu anaweka dau juu ya bei ya miaka minane ijayo. Kama pana mtu katika visiwa hivi anayestahili kuletewa khabari za Indonesia kwa mpangilio, ni yeye.

Lakini nimuonye binti yako asidhani kwamba kila jambo kubwa la dunia linatufika, wala kwamba jambo likiwa mbali halitufiki. Mfano wa kwanza ni Bahari ya Shamu. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli, na makampuni mengi yakaacha kupita Bab al-Mandab, mlango wa kusini wa bahari hiyo, yakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Pana mradi wa Shirika la Fedha la Kimataifa pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, uitwao PortWatch, unaohesabu meli kwa kutumia ishara zinazotoa zikiwa baharini. Ulionesha kwamba miezi miwili ya mwanzo ya 2024 shehena zilizopita Mfereji wa Suez, mlango wa kaskazini wa bahari hiyohiyo, zilipungua kwa nusu. Mwanafunzi akiona hivyo atakimbilia kuandika kwamba mchele utapanda Zanzibar. Polepole. Mchele wa Pakistani au wa Thailand unakuja kwetu kwa kuikata Bahari ya Hindi, haupiti Bab al-Mandab hata kidogo. Kinachopita huko ni ngano ya Bahari Nyeusi, na bidhaa za Uturuki, Misri na Ulaya. Mchele ungeweza kuguswa kwa njia ya pembeni tu, kwa sababu meli zikikaa safarini muda mrefu zaidi zinakuwa haba na ukodishaji wa makontena unapanda. Basi unga wako na mchele wako vilikuwa na hatari mbili tofauti katika mwezi mmoja, na mradi unaosema tu "Bahari ya Shamu ina machafuko" haujakusaidia.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, hapa kwetu tulichokiona kwanza ni mamia ya watalii wa Ukraine waliokwama mahotelini Unguja. Mafuta ya kupikia hayakuwa katika mawazo ya wengi. Ukraine huuza mafuta ya alizeti, na sisi tunapikia zaidi mawese ya Malaysia na Indonesia. Lakini wanunuzi wa alizeti walipokosa, wakageukia mawese. Mawese yakapanda hata Waindonesia wenyewe wakalalamika, na serikali yao ikazuia yasitoke nchini kuanzia tarehe 28 Aprili mpaka tarehe 23 Mei. Hivyo ndivyo vita vya Bahari Nyeusi vilivyolifikia dumu la mafuta Wete, kwa kupitia jikoni za Jakarta. Kila khabari kikundi kinachoiandika, kiichoree njia yake mpaka rafu ya duka. Ikishindikana kuchora, iandikwe kuwa haijulikani, na ingojewe.

Umesema haya ni mambo ya serikali. Kwa sehemu ni kweli. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa mfumko wa bei kila mwezi, na Benki Kuu ya Tanzania inafuatilia thamani ya shilingi. Lakini kazi ya mtakwimu ni kusema bei imekuwaje hapa. Si wajibu wake kukaa akiangalia bunge la Delhi. Na mambo ya nje pamoja na sarafu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo wanaoyafuatilia kwa kazi wako Dodoma na Dar es Salaam, na wanaangalia nchi nzima, yenye mahindi yake na alizeti yake. Visiwa vyenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, vinavyokula mchele wa kuletwa na kuishi kwa watalii na karafuu, vina wasiwasi wao wenyewe. Zaidi ya hapo, waziri hubadilika na mkurugenzi huhamishwa. Chuo kikiamua kuliweka daftari, linaweza kudumu miaka 40, na mtu yeyote akalifungua, hata mkulima, hata mpinzani, hata wewe.

Kuhusu utabiri, hapa nina ukali kidogo. Mwanasaikolojia Philip Tetlock aliwafuatilia wataalamu 284 wa siasa na uchumi kwa takriban miaka 20, akiandika walichotabiri na kilichotokea. Kwa jumla walikuwa karibu na kubahatisha, na waliosikika sana kwenye vyombo vya khabari hawakuwa bora zaidi. Baadaye, kuanzia 2011, akiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aligundua kwamba watu wa kawaida wanaotabiri kwa namba na tarehe, kisha wakajihesabia makosa yao, huwa bora. Kwa hiyo kikundi cha binti yako kisiandike "huenda bei ikapanda". Hilo haliwezi kukosea, na kwa sababu hiyo halifai. Waandike: kwa kadiri tunavyoona, nafasi ni saba katika kumi kwamba polo la mchele litazidi bei ya leo ifikapo mwisho wa Machi. Machi ikifika, waweke jibu palepale chini yake, hata likiwa la aibu. Ripoti ya mwaka ianze na waliyokosea.

Mengine ni ya kawaida. Wachague mambo machache, matano au sita: mchele, ngano, mawese, dizeli, karafuu, na idadi ya watalii. Wawili wapime kila jambo bila ya kuoneshana, halafu walinganishe; wakitofautiana sana, kanuni ndiyo mbovu. Kuna njia ya kuhesabu maneno magazetini pia. Scott Baker, Nicholas Bloom na Steven Davis walihesabu makala za magazeti 10 makubwa ya Marekani zenye kutaja kwa pamoja uchumi, mashaka na maamuzi ya serikali, wakapata kipimo cha wasiwasi kinachotumika sasa duniani. Wanafunzi wanaweza kuliiga hilo kwa Zanzibar Leo, mradi wakumbuke kwamba gazeti la serikali huandika kwa sauti ya serikali, na watakachopima kwanza ni sauti hiyo. Kwa mambo ya kompyuta wasiogope: tangu 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wana kampasi Bweleo, Unguja, inayofundisha sayansi ya data, na wanafunzi wa huko wanahitaji data za kweli za kufanyia kazi.

Na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana kampasi Mchanga Mdogo, wilayani kwako Wete. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa mhadhiri wao alifikirie kabla ya mengine yote, kwa sababu khabari za Delhi na Jakarta zinapatikana popote penye intaneti, lakini bei ya kila Jumamosi sokoni Wete haipatikani popote ila Wete. Nusu ya mradi huu inatakiwa ikae Pemba.

Nusu hiyo, dada yangu, nadhani wewe unayo tayari. Mwenye duka hakosi daftari. Binti yako akija likizo ijayo, mtolee ya miaka ya nyuma, yale ya mapokezi ya bidhaa kutoka kwa tajiri wako, si ya madeni ya wateja, hayo ni siri za watu. Anakili mambo manne tu: tarehe polo lilipofika, mchele wa wapi, uzito wake, na bei uliyolipa. Aanze na Julai 2023, aende mbele mwezi kwa mwezi mpaka apite Septemba 2024 kwa miezi kadhaa, aone India ilichukua wiki ngapi kufika kwako, na ilichukua wiki ngapi kuondoka.